DHABIHU NA UKUMBUSHO: WAPAGAZI WA VITA KUU YA KWANZA

Ndugu Mhariri amenitaka niandike jambo la historia litakalowafaa wanafunzi wanaoongoza tafakari za asubuhi pale shuleni. Wale tuliokwisha ondoka miaka mingi tunazikumbuka vizuri. Kabla ya kengele ya mstarini, wanachama wa UKWATA walikusanyika katika darasa moja, ukasomwa mstari wa Biblia, mmoja wao akanena kwa dakika tano, wakasali, kisha kila mtu akashika ufagio wake. Nimearifiwa kwamba desturi hiyo ingalipo, na kwamba kila ufikapo mwezi wa Novemba mazungumzo huwa juu ya dhabihu na ukumbusho kwa siku nyingi mfululizo.

Mimi si padre wala mchungaji. Ni mtumishi wa serikali niliyesoma historia Chuo Kikuu. Nitakachosema, basi, ni historia kwanza. Lakini ni historia inayomdai Mkristo ajibu swali gumu: je, mtu aliyeburutwa kwenda kufa tunaweza kusema kwamba alijitoa dhabihu?

TUANZE NA MANENO

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa jambo hili, nayo hayana maana moja. Sadaka ni kitu atoacho mtu kwa moyo wake, hata kama ni shilingi mia kikapuni. Dhabihu ni kile kinachochinjwa mbele za Mungu. Kafara hutolewa ili balaa iondoke. Na katika usemi wa kila siku, mtu akitolewa kafara maana yake ni kwamba wenzake wamemponza ili wao wapone. Kisha tunasema fulani amejitoa mhanga. Hapo yatazameni vizuri yale maneno mawili, "kujitoa" na "kutolewa". Tofauti yake kwa sauti ni ndogo, lakini kwa maana ni kubwa kama mbingu na nchi.

Imani ya Kikristo inasimama upande wa "kujitoa". Katika Injili ya Yohana sura ya 10 Bwana Yesu anaeleza kwamba uhai wake hakuna anayemnyang'anya, bali anautoa mwenyewe. Waraka kwa Waebrania unafundisha kwamba dhabihu hiyo ilitolewa mara moja tu, wala haihitaji kurudiwa. Ndiyo kusema, baada ya Msalaba hakuna mwenye ruhusa ya kumchukua binadamu mwenziwe na kumfanya kafara ya haja zake.

VITA VILIVYOTUKUTA

Vita Kuu ya Kwanza ilianza Ulaya mwishoni mwa Julai 1914, na mara ikaingia huku kwetu, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa koloni la Wajerumani, na Kenya na Uganda zilikuwa chini ya Waingereza. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuiteka Tanga wakashindwa vibaya. Dar es Salaam iliangukia mikononi mwao Septemba 1916, na mwezi huo huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Tabora. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliendelea kupigana kwa kurudi nyuma, akaingia Msumbiji, akarudi tena, mpaka akasalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, nchini Zambia. Wakati huo vita Ulaya vilikuwa vimekwisha kwa majuma mawili.

Vitabu vingi husifu ujanja wa makamanda. Ni vichache vinavyouliza nani alibeba chakula chao. Sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa na mbung'o, na farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu. Barabara za magari zilikuwa chache, na mvua zikinyesha hata hizo chache zilikuwa matope. Kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la dawa vilikwenda juu ya kichwa cha mtu, mzigo wa kilo 25 hivi, siku baada ya siku. Na kadiri jeshi lilivyokwenda mbali ndivyo wapagazi walivyozidi kuhitajika, maana mpagazi naye anakula, na chakula chake hubebwa na mpagazi mwingine.

Kwa makadirio ya kawaida ya wanahistoria, Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo. Waliokufa walikaribia 100,000. Wajerumani na Wabelgiji nao walikuwa na wapagazi wao, na hesabu yao haijulikani sawasawa. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na uchovu. Watu waliozoea ndizi au wali walipewa unga wa mahindi, wakaupika haraka bila kuiva, matumbo yakaharibika. Watu wa nchi za baridi walipelekwa mabonde ya joto, na wa pwani wakapelekwa milimani bila blanketi la kutosha.

Na walipatikanaje? Wachache walikwenda kwa ajili ya mshahara. Wengi waliandikwa kwa kulazimishwa: jumbe au chifu aliambiwa alete idadi fulani, naye akaileta. Mwaka 1917 huko Kenya ulifanyika msako mkubwa wa nchi nzima, vijana wakakimbilia porini. Kwa Wagogo, katika mkoa huu wa Dodoma ninamofanyia kazi, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa iliyopewa jina la Mtunya. Makadirio yanayotajwa ni kwamba watu 30,000 walikufa. Hawa hawakubeba hata mzigo mmoja, lakini ni vita hivyo hivyo vilivyowaua.

WAKRISTO WALIFANYA NINI?

Hapa sitaki tujisifu kupita kiasi, wala sitaki tujidharau. Waalimu na makasisi wa Kiafrika wa misheni za Kiingereza katika koloni la Wajerumani walishukiwa kuwa wapelelezi. Wengi walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakapigwa; kambi ya Tabora ilikuwa mojawapo ya mahali walipofungiwa.

Upande wa Waingereza, Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliunda mwaka 1916 kikosi cha wapagazi kutoka kisiwani, akaenda nacho bara. Alipewa cheo cha meja, lakini alitembea kwa miguu pamoja na watu wake na kuangalia chakula chao. Mwaka 1917 Dakta John Arthur wa Misheni ya Kanisa la Scotland huko Kikuyu, akishirikiana na wamisionari wengine, alikusanya kikosi cha watu zaidi ya elfu moja, nacho hakikupoteza watu kwa wingi kama vikosi vingine. Mambo hayo mawili yanathibitisha jambo moja la kusikitisha: wapagazi wengi waliokufa hawakuwa na lazima ya kufa. Wangalipewa chakula kilichoiva, dawa na mtu wa kuwajali, wangalirudi makwao.

Huyo Weston anafaa kutazamwa zaidi. Mwaka 1918 alitoa kijitabu kilichowashutumu Wajerumani kwa kuwatumikisha Waafrika kama watumwa. Serikali ya Uingereza haikukiona kibaya. Lakini mwaka 1920 alitoa kingine, safari hii akiwashutumu Waingereza wenyewe kwa kazi za shuruti huko Kenya. Alikuwa ameyaona kwa macho yake, na kipimo alichompimia adui ndicho alichowapimia ndugu zake.

SIMONI MKIRENE

Sasa nirudi kwenye swali langu. Wapagazi hawa hawakujitoa. Walitolewa. Wengi hawakuwa Wakristo hata kidogo; walikuwa Waislamu, au watu wa matambiko ya wazee wao. Tukisimama asubuhi tukasema kwamba walitoa maisha yao kwa ajili yetu, tunasema jambo lisilo kweli, tena tunawasafisha waliowachukua. Damu ya Habili, katika sura ya 4 ya Mwanzo, haikuitwa dhabihu. Ililia kutoka ardhini, na Mungu akauliza alikokuwa ndugu yake.

Lakini Injili inaye mtu mmoja anayewafanana. Katika sura ya 15 ya Marko, askari wa Kirumi wanamkuta mtu akitoka shamba, wanamshurutisha auchukue msalaba. Dola ya Rumi ilikuwa na desturi ya kumkamata mtu yeyote njiani na kumbebesha mizigo ya jeshi, na Wayunani walikuwa na neno maalumu kwa kazi hiyo ya shuruti. Ndilo analolitumia Marko. Mtu huyo alikuwa Simoni wa Kirene, mji ulioko Libya ya sasa. Ndiyo kusema alitoka Afrika, akabebeshwa kwa nguvu mzigo usiokuwa wake, kwa ajili ya shughuli ya dola ya kigeni. Kwa lugha yetu, alikuwa mtu wa Kariakoo.

Marko hamsifu Simoni kwamba alijitolea. Anasema wazi kwamba alilazimishwa. Lakini hakumwita "mpagazi mmoja". Aliandika jina lake, mji wake, na majina ya wanawe wawili, Iskanda na Rufo. Huo ndio ukumbusho wa Kikristo kama ninavyouelewa: kusema kweli juu ya lililotendeka, na kuliandika jina.

SANAMU NA MAJINA

Tupime sasa ukumbusho waliopata ndugu zetu. Mwaka 1927 ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam ile Sanamu ya Askari, mahali ilipokuwapo sanamu ya Mjerumani, von Wissmann. Nairobi na Mombasa nazo zina sanamu za namna hiyo. Maandishi yake yanawataja askari na wapagazi, tena yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa vitani. Ahadi ni nzuri, ila jina lenyewe halikuandikwa.

Tume ya Makaburi ya Vita iliyoundwa na Waingereza mwaka 1917 ilikuwa na kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila ubaguzi wa cheo wala rangi. Kwa Mzungu kanuni ilifuatwa. Kwa mpagazi ilionekana kwamba sanamu moja inatosha kwa wote. Tume hiyo yenyewe ilikiri jambo hilo katika ripoti ya Aprili 2021: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni.

Mimi niliye mtumishi wa serikali nasoma habari hizo kwa uchungu wa kazi. Jina likikosewa katika orodha, si heshima tu inayopotea. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa au kupotea haikuwafikia warithi wao. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho cha wapagazi, aliipigania baada ya vita, lakini serikali yake haikumkubalia. Wajane walikaa wakingoja mtu na fedha. Vyote viwili havikuja.

Jina lililobaki la umma ni hili la Kariakoo, linalotokana na jina la Kiingereza la kikosi chenyewe, kwa kuwa kambi yao Dar es Salaam ilikuwa pale. Maelfu ya watu hununua na kuuza hapo kila siku. Soko lilipoungua Julai 2021 nchi nzima ilisikitika, na ilikuwa haki. Lakini wangapi kati yetu, wakilitaja jina hilo, humkumbuka mtu mwenye mzigo kichwani?

TUFANYE NINI?

Wazee wetu hawakungoja tume. Ndugu mmoja wa babu mzaa babu yangu alichukuliwa mwaka 1917 na hakurudi. Hana kaburi. Lakini mtoto wa kiume aliyezaliwa baadaye katika nyumba ile alipewa jina lake, na ndilo jina langu la tatu hata leo. Naamini familia nyingi za wasomaji wa gazeti hili zina habari kama hiyo, nazo ziko kwa wazee ambao hawatakaa nasi milele.

Natoa rai tatu. Kwanza, kila mmoja wetu awaulize wazee wake, aandike jina, kijiji na yale machache yanayosimuliwa, awe huyo aliyechukuliwa ni Mkristo, Mwislamu au mtu wa mila. Mahali jina limesahauliwa, kiandikwe kijiji. Pili, tumpelekee Mhariri habari hizo, naye azikabidhi maktaba ya shule katika daftari moja gumu. Tatu, wanafunzi wasome majina machache kila asubuhi ya Novemba, mwezi ambao Kanisa huwaombea marehemu wote. Na Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, darasa la historia nalo lilifungue daftari hilo, ili wenzetu wasio Wakristo washiriki.

Nanyi vijana mtakaosimama mbele ya wenzenu kwa zile dakika tano, nawasihi msiwaite watu hawa dhabihu kwa haraka. Semeni walichukuliwa. Semeni nani aliwachukua. Na siku mtakapokuwa na madaraka, mkataka kuwahimiza watu wajitoe, jiulizeni kwanza nani anayejitoa na nani anayetolewa. Ninyi wenyewe mmebeba mzigo gani. Na kama majina ya wanaobeba yameandikwa sawasawa.

Orodha yangu ya kwanza, yenye jina moja, nimekwisha ikabidhi kwa Mhariri. Nangoja zenu.