Kaktusi zetu nyuma ya mvua: uzuri wake, na maziwa yake

Mvua ikirudi mwezi wa 9, kila mtu anaangalia mahindi na maharagi. Lakini katika bonde la Ruzizi, kati ya Kamanyola na Uvira, na katika tambarare ya Rwindi, kusini mwa ziwa Edouard, kuna miti mingine inayobadilika vizuri kabisa: ile mirefu isiyoonekana na majani, yenye matawi yaliyosimama sawa kinara cha mishumaa. Wengi wanaiita kaktusi.

Wakati wa kiangazi matawi yake yanakonda, rangi inafifia chini ya vumbi. Mvua mbili tatu zikinyesha, mizizi inayotambaa karibu na uso wa udongo inakunywa haraka, na mmea unafungua mikunjo yake kama kikwembe kinachokunjuliwa. Juu ya hiyo mikunjo, ngozi haipasuki hata mti ukinywa sana. Ngozi yenyewe ina nta. Ndiyo maana matone yanabaki mviringo, yanateremka na vumbi, kijani kinabaki safi. Shubiri (aloe) nayo, ile jua lilikuwa limeifanya nyekundu-nyekundu, inarudia kijani polepole. Anayetaka kuona haya aende asubuhi, jua likiwa bado halijakuwa kali.

Kuna siri ingine. Miti mingi inafungua vitundu vyake vya kupumua mchana. Hii inafungua usiku, wakati kuna baridi, ili maji yake yasipotee. Nanasi pia inafanya vile.

Sasa, jina. Mti wa Rwindi si kaktusi. Ni eforbia, jamaa ya muhogo. Kaktusi za kweli asili yake ni Amerika. Mpungate, wenye vipande bapa na matunda matamu, uliletwa na watu. Iko moja tu inayoota yenyewe Afrika, Rhipsalis baccifera: haina miiba mikali, inaning'inia kwenye matawi ya miti ya msitu kama kamba, na ina matunda meupe madogo. Inafikiriwa kwamba ndege ndio walibeba mbegu zake.

Kutofautisha si kazi ngumu. Miiba ya kaktusi inatoka kwenye kidoa kidogo chenye manyoya. Miiba ya hii eforbia inatoka miwili miwili. Na eforbia ikikatwa inatoa maziwa meupe. Kaktusi karibu zote zinatoa maji tu.

Hayo maziwa ndiyo yanafaa kuogopwa, na zaidi wakati wa mvua. Ni kusema, mmea umejaa, ukiukata unatiririka, wakati mwingine unarusha. Na ndio wakati ambapo wakaaji wengi wa Kivu wanapunguza lupango zao za miyenzi, ambayo ni eforbia pia, haina miiba, vijiti vyake ni vya mviringo kama penseli. Watoto wanaivunja kwa mchezo. Mahali pengi pa Afrika maziwa ya miyenzi yanatumiwa kulewesha samaki mtoni; hiyo inatosha kuonyesha nguvu yake.

Yakiingia jichoni, maumivu yanaweza kuongezeka nyuma ya saa kadhaa, jicho linavimba, kuona kunafifia. Mtu asipotunzwa, kioo cha jicho kinaweza kuharibika. Jicho lioshwe mara moja na maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, bila kulisugua, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya hata kama anasema amepata nafuu. Maziwa ya mama, mafuta au majani yasitiwe. Mwenye kukata miyenzi avae miwani na mikono mirefu, anawe mbele ya kugusa uso.

Kwa wanaopanda mimea hii katika vyungu au bidoni zilizokatwa, mvua nyingi ni adui. Mizizi inaoza chini huku juu mmea unaonekana mzuri. Bidoni itobolewe chini, na udongo uchanganywe na mawe madogo. Goma watu wana bahati: mawe ya volkeno hayazuii maji, na yako kila mahali. Kipande kilichokatwa kiachwe kwenye kivuli siku kadhaa, kidonda kikauke, ndipo kipandwe. Maji ya kwanza yangoje kidogo.