Mama Yangu ni Wanawake Wawili: Habari ya Uraia Wetu wa Kongo

Kuna siku nilikuwa nasaidia vijana wa hapa Nyarugusu kujaza fomu za kuomba nafasi ya masomo. Kila kitu kilienda vizuri mpaka mstari ulioandikwa: uraia na uthibitisho wake. Wote waliandika "Mkongomani" haraka haraka, halafu wakanitazama. Uthibitisho gani? Sisi tumezaliwa hapahapa Kasulu, Kongo tunaijua kwa hadithi za wazazi. Na kuzaliwa hapa hakujatufanya Watanzania. Na mimi nilikuwa na fomu yangu mkononi, na sikuwa na jibu.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza mama. Akatoa mfuko wa nailoni chini ya godoro, na ndani yake kadi ya utambulisho ya Zaire, imefifia, pembe zimeliwa. Alivuka nayo Ziwa Tanganyika mwaka 1996, akitoka Fizi, ameifunga kwenye ncha ya kitenge. Nilifurahi sana. Kumbe furaha ya dakika mbili. Kadi ile ina majina mawili ya ukoo. Karatasi ya usajili ya kambi ina jina la ubatizo na jina moja tu la ukoo. Anayesoma karatasi bila kumjua mama ataona wanawake wawili.

"Mama, ulibadilisha jina?"

"Mimi? Alibadilisha Mobutu."

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta historia hii.

Mwaka 1971 Mobutu aliibadilisha nchi jina, ikawa Zaire. Mwaka 1972 akageukia majina ya watu: majina ya Kikristo yakakatazwa kwenye karatasi za serikali, na yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Mama aliitwa jina la ubatizo kanisani na nyumbani, lakini alipokwenda kuchukua kadi katika miaka ya 1980, jina hilo halikuandikwa. Alipofika kambini akajitaja kama anavyoitwa na watu. Hakudanganya mahali popote.

Mwaka huohuo wa 1972 ilitoka pia sheria ya uraia, na hapa wasomaji wengine wataguswa zaidi kuliko mimi. Kongo imegombana kwa miaka mingi juu ya swali moja: babu yako alikuwa hapa tarehe gani? Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 ilisema awe ni wa kabila lililokuwa Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908, wakati Ubelgiji ilipoichukua nchi kutoka kwa Leopold II. Sheria ya Januari 1972 ikasema waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya mwaka 1950 ni raia. Wengi kati yao waliletwa na Wabelgiji wenyewe kuanzia mwaka 1937 kufanya kazi kwenye mashamba na migodi. Halafu mwaka 1981 sheria nyingine ikafuta ile, ikarudisha tarehe nyuma mpaka 1 Agosti 1885.

Hebu fikiria. Nani ana karatasi ya babu yake ya mwaka 1885? Hakuna. Anayekubaliwa na majirani hakuulizwa, asiyekubaliwa ndiye aliyeulizwa. Mtu alilala raia akaamka mgeni, na hakuwa ametoka hata kwenye uwanja wake. Wazee wa hapa kambini, wa makabila yote, wanajua ugomvi ule ulitufikisha wapi katika miaka ya 1990.

Sheria tuliyonayo sasa ni ya tarehe 12 Novemba 2004. Kwa makabila, inaangalia nani alikuwemo nchi ilipopata uhuru mwaka 1960. Lakini kwa sisi tuliozaliwa ukimbizini, kipengele kikubwa ni kingine: mtoto ni Mkongomani tangu kuzaliwa kama mmoja wa wazazi wake, baba au mama, ni Mkongomani. Haisemi azaliwe Kongo. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi, maana baba yangu hayumo kwenye karatasi yangu hata moja. Aliondoka mapema. Uzi wangu ni mmoja tu, ni mama.

Sasa basi, sheria inakupa uraia, lakini karatasi haiji yenyewe. Cheti cha uraia kinatolewa na wizara ya sheria, kule Kinshasa. Na ukifika mbele ya meza yoyote, utaulizwa mambo mawili: wewe ni mtoto wa nani, na huyo mzazi ni Mkongomani kwa ushahidi gani? La kwanza linajibiwa na karatasi ya kuzaliwa. La pili linajibiwa na kadi ya zamani, au cheti cha ubatizo, cha shule, au kadi ya uchaguzi kwa waliokuwa Kongo kuanzia 2005, kwa sababu wenzetu kule wameitumia miaka mingi kama kitambulisho. Jina likipishana kati ya karatasi hizi, uzi umekatika.

Mimi nilikwenda dawati la kambi kuomba jina la pili la mama liongezwe. Mara ya kwanza niliambiwa majina ya wakubwa hayabadilishwi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu mama alikuja mwenyewe na kadi yake ya Zaire, na wazee wawili waliovuka naye ziwa. Dada aliyekuwa zamu aliitazama kadi muda mrefu, akaita mwenzake, wakaandika. Lakini siku ya mwisho ya kutuma fomu ya masomo ilikuwa imeshapita. Nafasi ile sikuipata.

Kwa hiyo wadogo zangu, ulizeni nyumbani leo, wakati wazazi wapo. Andikeni majina yao yote, ya ubatizo na ya ukoo, pamoja na kijiji na teritwari walikotoka. Pigeni picha kadi za zamani kabla panya hawajazifikia. Lakini msikimbilie ubalozini peke yenu. Mkimbizi anayeomba karatasi kwa serikali aliyoikimbia anaweza kuulizwa kama bado anahitaji ulinzi, kwa hiyo anzeni na ofisi ya ulinzi.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaoandika majina yetu: mama akikutajia jina, muulize kama ana lingine, na uandike yote mawili. Kwako ni dakika moja. Kwa mtoto wake, siku akiulizwa uthibitisho, ndiyo nchi yake.

Kadi ya mama imerudi chini ya godoro. Safari hii mfuko ni mpya, na nakala ninayo mimi.