Sarafu kuukuu za Uingereza: Zisome kwanza kabla ya kuzisugua au kuziuza

KATIKA nyumba nyingi za humu nchini hakukosi mkebe wa majani chai au wa biskuti ambamo mzee aliyekwisha kufariki alihifadhi sarafu alizozipata enzi za mkoloni. Watoto huzichezea, wajukuu huzirithi, na siku shida inapobisha hodi, mkebe hutolewa uvunguni ukapelekwa kwa mnunuzi wa kwanza anayejitokeza.

Shangazi yangu alinijia na mkebe wa namna hiyo, uliokuwa wa marehemu babu. Kulikuwa na kijana aliyezunguka kijijini akinunua vitu vya kale, naye alikuwa amemwahidi shilingi mia moja kwa kila sarafu, kubwa kwa ndogo.

“Mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma. Nimpe au nisimpe?” aliniuliza.

“Asipewe kitu, Shangazi, mpaka tuzisome,” nikamjibu.

Nilisema “tuzisome” kwa kuwa sarafu ya Uingereza ni maandishi. Inataja mfalme wake, cheo chake, mwaka wake na, kwa mwenye kuujua ufunguo, madini yaliyomo. Huko Uingereza uraibu wa kukusanya sarafu una wafuasi wa tabaka zote, na wengi wao huanza hivyo hivyo, kwa mkebe wa babu. Nao pia huanza kwa kujifunza hesabu ya zamani, maana haifanani na ya leo.

Hadi Februari 15, 1971, pauni moja ya Uingereza iligawanywa katika shilingi 20, na kila shilingi katika peni 12. Pauni ilikuwa na peni 240, basi. Sarafu ndogo kabisa ya matumizi ya kawaida ilikuwa fathingi, yaani robo ya peni, kisha nusu peni, peni, peni tatu na peni sita. Juu ya hizo kulikuwa na shilingi, florini ya shilingi mbili, nusu krauni iliyokuwa shilingi mbili na peni sita, na krauni ya shilingi tano. Soverini ya dhahabu ilisimamia pauni nzima.

Hapa msomaji wa Kenya anahitaji tahadhari. Wazee wetu walipotaja “peni” aghalabu walikusudia senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati, wala si peni ya Uingereza. Peni ya Uingereza haina tundu. Ina upana wa takriban milimita 31, na nyuma yake ameketi mwanamke aitwaye Britannia, mwenye ngao na mkuki wa meno matatu.

Kichwa na maandishi

Anza na upande wa kichwa. Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, ana sura tatu kuu katika sarafu za fedha: msichana mwenye nywele zilizofungwa kisogoni, kisha mama aliyevaa taji dogo mno la 1887, halafu ajuza mwenye shela kuanzia 1893. Taji lile dogo lilichekwa sana na Waingereza wenyewe, na ndiyo sababu sura hiyo haikudumu. Katika peni, Victoria kijana aliendelea hadi 1894, na shela ikaingia 1895.

Edward VII (1901–1910) ana ndevu na upara, naye anatazama kulia. George V (1910–1936) ana ndevu pia ila anatazama kushoto. George VI (1936–1952) hana ndevu. Elizabeth II, katika sarafu za mfumo wa zamani zilizotolewa tangu 1953, ni mwanamwali mwenye shada la majani kichwani, anayetazama kulia. Kwa desturi kila mtawala hugeuzia uso upande usiokuwa wa mtangulizi wake, na kwa hiyo Charles III anatazama kushoto.

Maandishi ni ya Kilatini, na herufi V husimama mahali pa U, ndiyo maana tunasoma GEORGIVS. DEI GRA, au D:G: kwa mkato, ni “kwa neema ya Mungu”. REX ni mfalme na REG ni mkato wa malkia. FID DEF, au F:D:, ni “mtetezi wa imani”, cheo ambacho Papa alimpa Henry VIII mwaka wa 1521, kabla mfalme huyo hajafarakana na Roma. Waliomfuata walikishikilia cheo hicho, ijapokuwa Roma yenyewe walikwisha kuiacha.

Lakini maneno yenye faida kubwa kwa mtambuzi ni IND IMP, yaani mtawala mkuu wa India. Yaliingia katika sarafu za Uingereza mwaka wa 1893 na kutoweka baada ya 1948, kwa kuwa India ilijipatia uhuru 1947. Ukikuta sarafu ya Uingereza ambayo mwaka wake umelika kabisa na bado unaona IND IMP, unajua imefuliwa ndani ya miaka hiyo. Sarafu za George VI za 1949 hadi 1952 hazina maneno hayo.

Mwaka nao una mitego yake. Florini nyingi za Victoria kati ya 1851 na 1887 zimeandikwa mwaka kwa tarakimu za Kirumi na kwa herufi za kale zenye madoido, hata mtu akadhani hazina mwaka. Ukiona mdccclxxiii, hiyo ni 1873. Florini ya kwanza, ya 1849, ina kisa chake: ilitolewa bila maneno “kwa neema ya Mungu”, na kelele za waumini zikawa kubwa hata ikabidi ibadilishwe. Wakusanyaji huiita florini isiyo na Mungu mpaka hii leo.

Mtego mwingine ni kukosekana kwa thamani. Baadhi ya sarafu kubwa za Victoria hazikuandikwa thamani yake popote. Kati ya 1887 na 1890 ilitolewa sarafu ya shilingi nne, iliyokaribiana mno na krauni ya shilingi tano kwa ukubwa, na wauzaji wa vilabuni walikuwa wakipunjika kwa kuzichanganya. Rula hukata shauri: krauni ina upana wa milimita 38 na ushei, ile nyingine 36.

Madini

Kiswahili chetu chenyewe kinakumbuka kwamba pesa zilikuwa madini. Tunasema “fedha” tukimaanisha madini meupe na vilevile mali. Waingereza walidumu na fedha ya kweli muda mrefu, kisha wakaiacha kwa hatua mbili ambazo kila mkusanyaji sharti azikariri.

Sarafu nyeupe za Uingereza zilizofuliwa hadi 1919 zina fedha sehemu 925 katika kila 1,000. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza bei ya fedha ilipanda kupita kiasi, na kuanzia 1920 kiwango kikapunguzwa hadi nusu. Kuanzia 1947 fedha iliondolewa kabisa na badala yake ikatumika shaba iliyochanganywa na nikeli. Kwa macho, shilingi ya 1946 na ya 1947 ni ndugu wa toka nitoke. Moja ina fedha na nyingine haina hata chembe.

Nusu krauni ina uzani wa gramu 14.1. Iliyofuliwa kabla ya 1920 ina takriban gramu 13 za fedha safi. Ya 1920 hadi 1946 ina gramu saba. Ya baadaye haina kitu. Katika mkebe wa babu tulipata nusu krauni ya 1918. Bei ya fedha iliyomo ndani yake pekee ilizidi mara kadhaa ile mia moja ya kijana wetu, na hapo hatujagusa thamani yake kama sarafu.

Sumaku haisaidii hapa, kwani fedha haivutwi nayo, wala mchanganyiko ule wa shaba na nikeli hauvutwi. Inachofaa kufichua ni sarafu bandia zenye chuma ndani, na peni mpya za Uingereza zilizotengenezwa tangu 1992 kwa chuma cha pua kilichopakwa shaba. Kifaa cha kutegemewa ni mizani ya elektroniki, kama ile ya sonara. Shilingi ni gramu 5.66, florini 11.3, peni sita 2.83. Soverini ni gramu 7.98, upana wake milimita 22, na dhahabu yake ni ya karati 22. Nyuma yake pana Mtakatifu George akimuua joka, mchoro wa Benedetto Pistrucci uliotumika kwanza mwaka wa 1817. Soverini bandia ni nyingi duniani. Ikipungua uzani pasipo dalili ya kuchakaa, au ikiwa nene kuliko inavyotakiwa, usiinunue.

Ulaghai wenyewe si wa leo. Mwaka wa 1887 peni sita mpya ilitolewa ikiwa na mchoro uliofanana na wa nusu soverini, na haukupita muda wajanja wakaanza kuzipaka rangi ya dhahabu na kuzipitisha kwa shilingi kumi. Serikali ililazimika kuubadilisha mchoro mwaka uo huo.

Kuhusu sarafu nyekundu, mwaka wa kukumbuka ni 1860. Kabla yake peni ilikuwa ya shaba tupu, pana na nzito, karibu gramu 19. Baadaye ikawa ya shaba iliyochanganywa na bati na zinki, na uzani ukashuka hadi gramu 9.4. Ya kushangaza zaidi ni peni ya 1797 ya George III, iliyofuliwa kwa mashine za mvuke za Matthew Boulton huko Birmingham: inapita gramu 28, na mwenzake wa peni mbili ni maradufu ya hapo. Mifuko ya Waingereza ilitoboka.

Mfalme wa siku 326

Sarafu ambayo Mkenya anaweza kuwa nayo bila kujua ni ya Edward VIII. Mfalme huyo alitawala tangu Januari 20 hadi Desemba 11, 1936, akajiuzulu ili amwoe mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa amekwisha kutaliki. Aling'ang'ania picha yake itazame kushoto, kinyume cha desturi, kwa kuwa aliuona upande huo wa uso wake kuwa bora. Sarafu zake za Uingereza zilikuwa zingali katika maandalizi alipoondoka, na hazikuingia sokoni. Chache zilizobakia ni za majaribio, na huuzwa minadani kwa bei za kutisha.

Huku kwetu mambo yalikuwa tofauti. Sarafu zenye tundu hazikuwa na kichwa cha mfalme bali jina tu, hivyo hapakuwa na picha ya kusubiri. Senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zenye jina EDWARDVS VIII na mwaka 1936 zilifuliwa kwa wingi, zikatumika madukani kuanzia Mombasa hadi Kampala. Tulipata mbili mkebeni. Kwa sababu ya wingi huo hazitamtajirisha mtu, na atakayekuambia zina thamani ya mamilioni anakuchezea. Mkusanyaji aliyeko London, hata hivyo, huzipenda, maana ndizo njia rahisi ya kulipata jina la mfalme huyo katika sarafu halisi.

Uvumi wa mamilioni una chimbuko lake. Mwaka wa 1933 mabenki ya Uingereza yalikuwa na peni za kutosha, hivyo zilifuliwa chache mno. Zinazojulikana ni kama saba. Baadhi ziliwekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo ya mwaka huo, na moja iliibwa chini ya kanisa mjini Leeds mwaka wa 1970. Nakala bandia na peni zilizochezewa tarakimu ya mwisho ni tele. Jihadhari zaidi na anayekutaka ulipe ada kwanza ili sarafu yako “isajiliwe” kabla mnunuzi wa ng'ambo hajaja.

Kwa sarafu za kawaida, bei huamuliwa na uhaba wa mwaka, na zaidi ya hapo hali ya sarafu. Tazama kwa lenzi sehemu zilizoinuka: nywele juu ya sikio, kifua cha Britannia. Hizo ndizo hulika kwanza. Tazama pia herufi ndogo karibu na mwaka. H ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na KN ni ya Kings Norton. Peni za 1918 na 1919 zenye KN husakwa kuliko zisizo na alama.

Kisha kuna suala la usafi, na hapa nakiri kosa langu. Nikiwa mvulana niliichukua shilingi moja ya babu, ya Victoria mwenye taji dogo, nikaisugua kwa majivu na ndimu hadi ikamemeta. Babu alifurahi, nami nikapewa maziwa ya mgando. Nilikuwa nimeikwangua ngozi yake. Kile kiwi cha rangi ya moshi ambacho sarafu hujivika kwa miongo mingi ndicho mkusanyaji hutafuta, na kikishaondoka hakirudi. Ikiwa pana udongo, maji safi ya uvuguvugu yatosha, kisha ikaushwe kwa kugusishwa kitambaa laini bila kusugua. Ishike kwa ukingo. Iweke katika bahasha ndogo ya karatasi mahali pakavu, kila moja peke yake, na uandike juu ya bahasha aina, mwaka, uzani na ilikotoka. Mifuko ya plastiki laini si mizuri, kwani baadhi yake hutoa kemikali inayoacha utando wa kijani, hasa katika joto la Pwani.

Shangazi alimuuzia yule kijana peni nne za George V zilizolika hata Britannia hana uso, na bei ile ile ya mia moja ikawa ya haki, pengine zaidi ya haki. Nusu krauni na senti za Edward alizirudisha uvunguni, safari hii zikiwa ndani ya bahasha. Ile shilingi niliyoisugua aliniachia mimi.