Nanasi na Matobolwa kwenye Mkeka Mmoja

Sikukuu ya somo wa jumuiya haina kadi ya mchango. Kila nyumba huja na chake: huyu hotpoti ya wali, yule sato wa kukaanga, na hakosi mama mwenye beseni la matunda yaliyokatwakatwa. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua mwaka 1976 kuzipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo. Mwanza nayo ikapata sababu nyingine ya kukutana na kula.

Beseni hilo karibu lote ni la wageni. Embe asili yake ni India, ndizi kusini mashariki mwa Asia, papai Amerika. Chungwa, hata la Ukerewe lililovuka na kivuko kutoka Nansio, lina mababu Asia. Nanasi, ambalo Geita siku hizi inajivunia, Columbus alilikuta Guadeloupe mwaka 1493. Mwenyeji ni tikiti peke yake: utafiti wa vinasaba wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa ndugu yake wa karibu ni tikiti la Kordofan, Sudani. (Kwa nini tunaliweka juu ya pilau, sahani moja, mchuzi ukilifikia, sijui.)

Kabla ya beseni, utamu wa Usukuma ulikuwa kiazi kitamu. Kikivunwa kwa wingi na kiangazi kikaingia, akina mama hukimenya, hukikata vipande vyembamba na kukianika kibichi, mara nyingi juu ya yale mawe makubwa yanayoipamba Mwanza. Hiyo ni michembe. Kikichemshwa kwanza ndipo kikatwe na kuanikwa, ni matobolwa, na anayechanganya majina haya mbele ya bibi wa Kisukuma atajua hajui. Michembe hupikwa, ikiungwa karanga inanoga. Matobolwa unaweza kuyatafuna makavu, taratibu, sukari ikitoka kidogo kidogo.

Vijana wa mjini huyaona chakula cha njaa, cha kijijini, huku wakipanga foleni kwenye nanasi. Wanasahau kwamba kiazi kitamu nacho asili yake ni Amerika, kama nanasi lenyewe. Tofauti iko kwingine. Beseni la matunda likilala, asubuhi limechacha. Matobolwa ya Julai, yakitunzwa pakavu, Januari bado yapo.