Kutoka DT Hadi Ya Mia

Ukiwauliza wazee wa Mwingi kuhusu pikipiki za zamani, wengi hawatakutajia boda. Watakutajia afisa. Afisa wa kilimo, wa mifugo, padri, au yule kijana wa mradi wa maji aliyepita akiacha vumbi. Mashine zenyewe zilikuwa Yamaha DT, Honda XL, Suzuki TF. Zote kiti kiko juu, matairi ya vipara vikubwa vya kukamata udongo, na ukiwa mfupi unasimama kwa vidole vya mguu mmoja. Hakuna aliyefikiria kuzifanyia biashara. Mafuta yake yalilipwa na ofisi fulani Nairobi, au na wafadhili Ulaya. Hilo la nani analipa mafuta liweke akilini, nitalirudia.

Sisi wengine mizigo yetu ilibebwa na punda. Busia walikuwa na boda za baiskeli tangu miaka ya sitini, za kuvusha watu mpakani, na jina likatoka huko. Huku kwetu baiskeli na mchanga hazijawahi kupatana.

Kilichobadilisha mambo ni kodi. Mwaka 2008, wakati wa Kibaki, serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250. Piki za Wachina zikafurika, Skygo, Shineray, Tiger, kisha Wahindi wakaja na Bajaj na TVS na wakatawala. Nyingi zilikuwa za cc 100 hadi 150. Kiti kilishuka. Mama aliyejifunga leso aliweza kupanda na kukaa. Injini za foo-stroki zilikuwa na mlio wa chini na hazikunywa sana. Spea zikapatikana hadi Kyuso na Tseikuru. Watu hupenda kusimulia historia kama vile kila kitu kinazidi kuwa kikubwa, lakini pikipiki ya Mwingi ilibidi iwe ndogo ndipo mtu asiye na ofisi aweze kuimiliki.

Halafu, kama kawaida yetu wanadamu, tukataka kubwa. Boxer 150 ikawa ndiyo piki ya mwanaume. (Ukisoma karatasi zake injini ni cc 144.8, lakini nani ataenda kubishana hilo steji?) Haikuwa majivuno matupu. Gunia la ndengu lina kilo 90. Weka mawili, au makaa, au abiria wawili ingawa kanuni za 2015 zinaruhusu mmoja tu, na ile ya mia inaanza kulia kwenye mlima. Mwenye 150 alipata kazi za mzigo, na kazi za mzigo ndizo zinalipa. Wa cc 100 alichekwa ati anapeleka watoto nasari.

Mjomba wangu alinunua ya kwake kwa mkopo wa kulipa kila siku. Ile piki ndiyo ilinipeleka chuo, naongea kuhusu karo, si usafiri.

Septemba 2022 ruzuku ya petroli iliondolewa na lita ikaruka Nairobi kutoka shilingi 159 hadi 179. Julai 2023 VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16. Septemba hiyo hiyo lita ilifika 211.64, Oktoba ikapanda tena hadi 217.36. Hapa Mwingi bei haikuwa mbali na hiyo. Nauli ya kutoka mjini hadi kijijini haikupanda kwa kasi hiyo, manake abiria naye hana. Anakuangalia tu, kisha anaanza kutembea.

Jioni moja mjomba aliniita. "Wewe ndio ulisoma hesabu," akasema. "Piga." Ile 150 ilikuwa inakunywa lita tatu kwa siku. Jirani yake wa steji mwenye ya mia, kwa safari zilezile, alikuwa anatumia mbili. Lita moja kwa siku, siku 26 za kazi, kwa shilingi 211, ni kama 5,500 kwa mwezi. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kodi ya chumba changu cha chuo ni ngapi. Ilikuwa chini ya hiyo pesa.

Aliuza 150 mwanzoni mwa 2024 akachukua ya mia. Mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani kufikia hapo. Mwaka wa pili haukuisha.

Hakuwa peke yake. Nilianza kuhesabu steji, kwa sababu nilikuwa na muda, na kila nilipouliza, jibu la kwanza lilikuwa mafuta. Jibu la pili ndilo lilinishangaza: mchanga. Tyaa na Enziu ni mito ya mchanga, kavu karibu mwaka mzima. (Isipokuwa isipokauka. Desemba 2021 Enziu ilizamisha basi lililobeba kwaya, na watu zaidi ya thelathini wakafa.) Kuvuka mchanga mkavu unashuka na kusukuma, na kila kilo unaijua kwa jina. "Ya mia nikianguka nainyanyua mwenyewe," kijana mmoja aliniambia. "Ile ingine ningengoja mtu apite."

Ulaya na Marekani kuna wazee wanaouza Harley zao nzito kwa sababu hiyo hiyo, goti limechoka. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na kubwa kwa raha. Na ukweli ni kwamba pikipiki iliyouzwa zaidi duniani ni kadogo: Honda Super Cub, iliyoanza 1958 ikiwa na cc 50, na kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Wapanda piki wa Asia walijua hesabu hii kabla yetu.

Bei ilishuka baadaye. Novemba 2024 lita Nairobi ilikuwa 180.66. Nilidhani watu watarudi kwa 150. Wachache walirudi, wale wa makaa hasa. Mjomba hakurudi. Anakataa mizigo ya magunia siku hizi, anachukua wagonjwa, walimu na vifaranga kwenye boksi, na saa tatu usiku ako nyumbani.

150 yake bado naiona. Ilinunuliwa na jamaa wa kule Nguni. Amechomelea keria ya chuma nyuma na anabeba mitungi sita ya maji kwa safari moja.