Juzuu Inayofuata

Mtoto wa Vitongoji hulijua neno juzuu kabla ya kujua kuandika jina lake kwa herufi za skuli. Chuoni huanzia Juzuu Amma, ambayo katika mpango wa msahafu ni ya 30, ya mwisho kabisa. Hapo ndipo anapozoea kushika kitabu chenye mgongo upande wa kulia, jicho likitoka kulia kwenda kushoto, na kujua kwamba juzuu moja ikimalizika kuna nyingine inamsubiri. Miaka kumi baadaye mtoto huyo huyo akifungua katuni ya Kijapani kwenye simu, yaani manga, hahitaji mtu wa kumwonesha aanzie wapi. Picha zimepangwa kulia kwenda kushoto, kama mstari wa kwanza aliousoma maishani mwake.

Hakuna anayeyaweka Maneno ya Mwenyezi Mungu na hadithi za maharamia wa manga kwenye mizani moja. Linalozungumzwa hapa ni mazoea ya mkono na jicho, nayo si jambo dogo. Kwa miaka mingi wachapishaji wa Marekani walizigeuza kurasa za manga kama zinavyoonekana kwenye kioo, hata wapiganaji wa upanga wakawa wote wa mashoto. Mwaka 2002 kampuni ya Tokyopop ilianza kuchapa kwa mpangilio wa asili, na vitabu vingi vikatiwa ukurasa wa kumwonya msomaji kwamba ameanzia mwisho. Pemba onyo hilo halina kazi.

Vitongoji iko mashariki ya Chake Chake, mwendo wa kilomita zisizofika kumi, ukishapita Wawi. Udongo wa mikarafuu unapungua, mawe na mibuyu inaanza, na ukiendelea unafika kwenye vifukwe vilivyofichwa na miamba. Jina lenyewe ni la wingi: vijiji vidogo vidogo vilivyoshikana mpaka vikawa mahali pamoja. Hapa hakuna duka la manga. Lakini desturi inayozunguka manga, ile ya kungoja sehemu ijayo na kuijadili kabla haijafika, ni ya zamani sana kisiwani hapa.

Kwanza ilikuwa ya mashairi. Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy, maarufu Kamange, na Sarahani bin Matwar walitunga Pemba katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Tungo zao zilinakiliwa kwa herufi za Kiarabu na nyingine zikahifadhiwa vifuani mwa watu, mpaka mwaka 2011 kilipotoka kitabu Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani, kilichokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla. Katika ushairi wa aina hiyo shairi mara nyingi ni nusu ya mazungumzo. Mmoja hutunga, mwenzake hujibu, na anayejibu huchunga bahari na vina vya aliyeanza, asije akaonekana ameshindwa. Baina ya shairi na jibu lake kulikuwa na siku za kungoja. Siku hizo ndizo zilizokuwa za watu wengine wote: nani kashika fumbo, nani kapotea, huyu atajibu nini.

Usiku ulikuwa na mambo yake. Msimu wa karafuu, zilizochumwa mchana hurudi nyumbani zikiwa bado kwenye vishada, na baada ya kula watu hukaa kitako kuzichambua. Vidole vinaachanisha karafuu na makonyo, karafuu rundo hili, makonyo rundo lile, na kazi hiyo haihitaji macho sana. Inahitaji kitu cha kuzuia usingizi. "Paukwa!" husema mmoja, na wenzake huitikia "Pakawa!" Hadithi ya usiku mmoja ikikatwa na usingizi wa watoto, huendelea kesho yake, na kesho hiyo msimulizi hawezi kuanza kabla ya kuulizwa maswali ya jana. Akibadilisha jina la zimwi, atasahihishwa na mtoto wa miaka saba. Waliolelewa kwenye marundo ya karafuu walijua mapema kwamba msikilizaji ana haki juu ya hadithi.

Kisha kikaja kitabu, na kitabu kilicholeta mfululizo wa kweli visiwani kiliandikwa na mtu wa Makunduchi, Unguja. Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918, akawa mwandishi wa habari na baadaye mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Ndani yake alitokea Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, aliyekuwa na damu ya Sherlock Holmes lakini lugha yote ya Unguja. Wasomaji walimpenda. Wakangoja.

Walingoja miaka minane. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka 1968, na jina hilo lilitosha kumfanya Mpemba akae sawa. Giningi ndio mji usioonekana wa wachawi katika masimulizi ya visiwani, na mara nyingi unapotajwa, vidole hunyooshwa kuelekea Pemba. Sifa hiyo ilikwishavuka bahari zamani: Evelyn Waugh, mwandishi wa Kiingereza, aliiandika Pemba kama kituo cha uchawi katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1931. Tofauti ni kwamba Waugh aliwaandikia watu wasioijua Pemba. Muhammed Said Abdulla aliwaandikia watu waliolisikia jina la Giningi kwa bibi zao, na akampeleka huko mtu wa akili na hoja, asiyekubali kwamba kila fumbo ni kazi ya mizimu. Hapo msomaji hawezi kunyamaza. Ama anashangilia, ama anasema mwandishi kayachezea mambo asiyoyajua. Miaka mingi baadaye, mwaka 1990, Said Ahmed Mohamed aliirudisha Giningi katika tamthilia yake Kivuli Kinaishi, safari hii kama nchi ya dhulma chini ya Bi Kirembwe. Mji usioonekana umekuwa na maisha marefu katika fasihi kuliko miji mingi yenye ramani.

Baada ya Giningi vitabu vya Bwana Msa vilikuja mbiombio: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Halafu kimya tena, miaka minane mingine, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Ukiitazama orodha hiyo kama wanavyoitazama mashabiki wa leo orodha ya juzuu, unaona jinsi ilivyomfunga msomaji. Aliyekuwa na miaka 12 alipokisoma cha kwanza alikuwa na 36 kilipotoka cha mwisho. Na jina lake tu, lenye neno kosa ubavuni mwa mtu asiyekosea, lilikuwa mada ya baraza.

Kitabu hakikuwa cha mtu mmoja. Kilikwenda mkono kwa mkono, kikarudi kimevimba, jalada limeshikwa kwa uzi. Mwenye sauti nzuri alisoma, wengine wakasikiliza, na kila mlango wa hadithi ulipofungwa kulizuka ubishi juu ya nani muuaji. Wahakiki wamekwishasema kwamba visa vya Muhammed Said Abdulla hutegemea sadfa mno, na hawakukosea. Lakini wanaomsoma peke yao chumbani humhukumu kwa kipimo kimoja tu. Hadithi zake zinanoga kwa mdomo, zikiachwa nafasi ya mtu kusema, "Mimi nilikwambia tangu mwanzo!"

Picha nazo zilikuja kutoka bara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walianzisha Dar es Salaam jarida la Sani, lililopata jina kwa kuunganisha mwanzo wa majina yao mawili. Ndani yake mchoraji Philip Ndunguru alimpa uhai Ndumilakuwili na Lodilofa, watu wa mtaani wanaojulikana kwa sura kabla ya kusema neno. Ndunguru alifariki mwaka 1986, angali kijana. Wahusika wake hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine waliwachukua wakaendelea nao, toleo baada ya toleo.

Swali lililobaki kwa wasomaji wa Sani ni lile lile lililowafika wasomaji wa Kijapani mwezi Mei 2021, alipofariki Kentaro Miura, mchoraji wa Berserk. Mwaka 2022 mfululizo ule uliendelezwa na wanafunzi wake wa Studio Gaga wakisimamiwa na Kouji Mori, rafiki aliyewahi kusimuliwa mwisho wa hadithi na Miura mwenyewe. Je, hii bado ni Berserk? Wapo wanaosema mkono haufanani na warithi wangeacha. Hoja hiyo ina heshima ndani yake, lakini haina nguvu mbele ya mfano wa Ndunguru. Mhusika aliyekwisha kuingia katika mazungumzo ya watu si wa mchoraji peke yake, na warithi wa Miura, kwa unyenyekevu wa kusema wazi kwamba wanachora walichoambiwa, wamefanya wanavyofanya wasimulizi wa Pemba: kumtaja uliyempokea hadithi, kisha kuiendeleza.

Manga yenyewe ilifika Vitongoji kwa njia ya umeme. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na gridi ya taifa kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, baada ya miaka ya kutegemea majenereta ya dizeli. Kebo ya intaneti ilikuwa imeshafika pwani ya Tanzania mwaka mmoja nyuma yake. Kwanza ziliingia katuni za kutazama, Dragon Ball na Naruto, kisha waliokosa subira wakagundua kwamba vitabu viko mbele ya picha za televisheni. Mwezi Januari 2019 kampuni ya Shueisha ya Tokyo ilifungua Manga Plus, huduma inayotoa sura mpya bure katika nchi nyingi duniani siku ile ile zinapotoka Japani. Ilianza na Kiingereza, kisha Kihispania; Kiswahili hakikuwamo. Kwa hiyo kijana wa Pemba husoma kwa Kiingereza, na hubishana kwa Kiswahili. Tafsiri inafanyika kichwani na ubishi unafanyika barazani, na inauma kwamba hadithi inayosomwa namna hii haijapewa mtafsiri wa kukaa na maneno yake.

Ubishi wa sasa ni mwingi, kwa sababu miaka hii imekuwa ya kumaliza hadithi. Attack on Titan ilifungwa mwaka 2021 kwa juzuu 34, na mwisho wake uliwagawa wasomaji kila mahali. My Hero Academia ilimalizika Agosti 2024 kwa juzuu 42, Jujutsu Kaisen mwezi uliofuata kwa juzuu 30. Hunter x Hunter ya Yoshihiro Togashi ni habari nyingine: juzuu ya 36 ilitoka mwaka 2018, ya 37 mwaka 2022, ya 38 mwaka 2024. Aliyemsubiri Bwana Msa kutoka 1976 hadi 1984 angewaelewa vizuri wanaomngoja Togashi. Juzuu hizo mpya zina maneno mengi kuliko picha, watu wengi kuliko wanavyoweza kukumbukwa, na wengi wanalalamika. Lakini lalamiko hilo linapungua kila zinaposomwa kwa pamoja, mmoja akishika habari za mhusika huyu na mwingine za yule, kama ilivyokuwa kwa Bwana Msa.

One Piece ndiyo mama yao. Eiichiro Oda aliianza Julai 1997, juzuu ya 100 ikatoka Septemba 2021, na bado inakwenda. Inachapwa katika Shonen Jump, jarida la tangu mwaka 1968 ambalo kwa miongo kadhaa lilitia ndani kadi za maoni. Msomaji alitaja hadithi alizozipenda, akarudisha kadi kwa posta, na hadithi iliyokosa kura ilikatwa. Wajapani waliiandikia kanuni na kuitilia stempu haki ile ile aliyokuwa nayo mtoto wa miaka saba mbele ya rundo la karafuu.

Sura mpya hufunguliwa saa sita ya usiku wa Jumatatu, kwa saa za Tokyo. Vitongoji wakati huo ni Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Jua linakaribia kuzama upande wa Chake Chake, na kwa hesabu ya Waswahili bado kidogo usiku wa Jumatatu uingie hapa pia. Zipo dakika chache za kusoma kabla ya adhana ya Magharibi, na baada ya sala ndipo watu wanapokaa.