Nishati katika bawa la nzige
Nzige wa jangwani huruka saa nyingi mfululizo, na kila pigo la bawa hula nishati. Mwaka 1960 mwanazoolojia Torkel Weis-Fogh wa Denmark alieleza siri yake: resilini, protini ya kwenye maungio ya bawa, ambayo ikivutwa na kuachiwa hurudisha takriban asilimia 97 ya nishati iliyopokea. Springi ya chuma nayo hurudisha nishati vizuri, lakini chuma chenyewe hakiwezi kuvutwa zaidi ya mara mbili ya urefu wake bila kukatika. Pingamizi zito dhidi ya kuiiga resilini ni kwamba ni laini mno kubeba nishati nyingi. Ni kweli, na ndiyo maana wadudu warukao kwa miguu huiunganisha na ganda gumu: ganda huhifadhi nishati, resilini hulirudishia umbo. Wabunifu wa roboti ndogo wauige muungano huo, si protini pekee.